Tepu Nyeusi

Kuna taa moja ambayo Nairobi nzima imekubaliana kutoiamini. Ni ile ya rangi ya chungwa, yenye mchoro wa injini, inayowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Keti mbele kwenye matatu, karibu na dere, utaiona imewaka kutoka Githurai hadi tao na hakuna mtu anayeshtuka. Ita teksi kwa simu, hiyo hapo. Ukimuuliza dereva atakwambia, "Hiyo ni sensa tu." Hilo neno "tu" hubeba mzigo mkubwa. Linamaanisha gari linatembea, watu wanafika, pesa inaingia, na hayo mengine tutayaona mbele ya safari.

Hii ni habari ya hiyo sensa tu.

Pikapu yetu ni ya petroli. Iliundwa Japani mwaka wa 2003 na ikashuka bandari ya Mombasa 2009, ikiwa bado ndani ya ile miaka minane ambayo Kenya huruhusu gari la mtumba liwe nayo linapoingia nchini. Baba alikuwa mkulima wa viazi na kabichi Kinangop, na aliinunua akiwa na nia moja: asiwauzie tena madalali wanaokuja hadi shambani na kukupangia bei huku wameketi juu ya magunia yako. Aliipakia mwenyewe, akaiendesha mwenyewe, akauza mwenyewe Kangemi na soko la Wakulima. Ndiyo iliyotulipia karo. Ndiyo iliyompeleka jirani yetu kujifungua Naivasha usiku wa mvua. Na Februari 2023 ndiyo iliyotangulia msafara, imepambwa maua, imembeba mwenyewe.

Baada ya mazishi kulikuwa na kikao. Kila familia inakijua hicho kikao: chai nyingi, mikate imekatwa katikati, na mtu mmoja ambaye ameshapiga hesabu kabla ya kuja. Kwetu mtu huyo alikuwa kaka yangu mkubwa. Alisema pikapu iuzwe. Alikuwa na mnunuzi tayari, na bei haikuwa mbaya kwa gari la umri ule. "Inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni," alisema. "Na nani ataiendesha?"

Ba' mdogo wakatazamana. Mama alikuwa akikunja leso mapajani mwake.

"Mimi," akasema.

Mama ana leseni ya tangu 1994. Aliipata akiwa msichana wa kazi za ofisi, kabla ya ndoa na kabla ya viazi, na kwa miaka mingi leseni hiyo ilikaa kwenye bahasha moja na cheti cha ubatizo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu mbele ya wageni. Kaka alisubiri wageni waondoke, akamwambia. Mama akamjibu kwamba gari halijui kama anayeshika usukani ni mjane.

Jumamosi iliyofuata niliiosha pikapu ndani na nje ili Mama aanze na gari safi. Nilitoa udongo wa miaka chini ya kapeti, maganda ya njugu, risiti za mashine ya kupimia uzani, na misumari minne. Kwenye dashibodi, chini ya kioo cha mita, kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima. Kilikuwa kimebandikwa kwa uangalifu, pembe zote nne zimelala sawa. Baba alikuwa mtu wa kufanya kazi safi. Nikakibandua, nikawasha injini. Taa ya chungwa ikanitazama.

"Aliweka hiyo mwaka wa corona," Mama alisema akiwa mlangoni. "Alisema inamsumbua macho usiku."

Kwenye kidroo cha dashibodi, chini ya bima zilizokwisha muda, nilipata daftari la kliniki lenye jina lake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe moja ya 2020 na vipimo vya presha, 178 juu ya 104. Mbele yake muuguzi alikuwa ameandika arudi baada ya wiki mbili, akapiga mstari chini ya neno "arudi". Kurasa zilizobaki zilikuwa nyeupe. Baba aliondoka kwa kiharusi, na sote tulisema matangani kwamba kilikuja ghafla.

Sikumwonyesha Mama daftari siku hiyo. Nililirudisha mahali lilipokuwa, chini ya bima. Tepu nayo sikuirudisha.

*

Mama alianza safari mwezi wa Machi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa usiku, kutoka nyumbani hadi Njabini, Flyover, Kimende, Limuru, Kikuyu, Kangemi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Anaandika kila kitu katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma: magunia, cess, vijana wa kupakua, chai, mafuta. Ni hilo daftari lililoniamsha. Mwezi wa Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi, na nikaketi naye jikoni tupige hesabu kwa nini anauza vizuri na habaki na kitu.

Pikapu ilikuwa ikienda kilomita saba kwa lita. Katika daftari la zamani la Baba, la miaka ya mwanzo, ilikuwa ikienda tisa kwa mzigo uleule na barabara ileile. Ukigawanya 160 kwa tisa unapata lita 17 na ushei. Ukigawanya kwa saba unakaribia 23. Tofauti ni lita tano. Kwa bei ya Oktoba hizo ni zaidi ya shilingi 1,100 kila safari, na Mama anasafiri mara tatu kwa wiki. Shilingi 3,300 zilikuwa zinatoka kwenye bomba la moshi kila wiki, na hakuna aliyeziona zikitoka.

Zilikuwa zinanusika, lakini. Pikapu ilinuka petroli kama kibanda cha boda. Mama alikuwa akiendesha vioo vyote viko chini, saa tisa usiku, Kinangop, ambako baridi ya Julai huacha nyasi zikiwa nyeupe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anapenda hewa safi.

Nikachukua likizo ya siku tatu kazini.

Gereji ya kwanza ilikuwa na sakafu ya vigae na kijana mwenye tableti. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akaniambia, "Siste, hii ni sensa tu. Tunaweza kufuta, taa izime. Ikirudi, tunatoa globu kabisa." Kisha akalala chini ya gari kwa dakika mbili, akatoka akiwa mchangamfu. "Na si lazima utumie pesa mingi. Tutakutolea katalitiki bure. Gari itapumua. Utaona vile itavuta."

"Bure?"

"Bure kabisa, madam. Tunakata, tunaunganisha paipu ya kawaida."

"Na ile mnayokata mnaipeleka wapi?"

Akacheka, akaangalia tableti.

Kama hujui: katalitiki ni lile boksi la chuma lililo katikati ya ekzosi. Ndani yake kuna kauri yenye matundu madogo kama masega ya nyuki, na juu ya masega hayo umepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza moshi wa sumu uwe moshi usioua haraka. Hayo madini ni ghali, na kuna watu wanaonunua masega kwa kilo. Ukiona fundi wa Nairobi anakufanyia kazi ya kukata na kuchomelea chuma bure, jua kwamba umelipa tayari.

Nilimshukuru, nikalipa ada ya kusoma mashine, nikaondoka na karatasi yenye maandishi mawili: P0135 na P0141.

*

Fundi wa pili yuko Kariobangi Light Industries, kati ya mtu wa kuchomelea mageti na mama anayepika githeri. Hana vigae. Ana shimo la kuingilia chini ya gari, meza ya mbao iliyonywa oili hadi ikawa nyeusi, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilielekezwa kwake na mwenzangu wa kazini. Niliposhuka hakuangalia gari kwanza, aliniangalia mimi.

"Nani anaendesha hii?"

"Mama yangu."

"Yeye huumwa na kichwa?"

Nikampigia Mama simu papo hapo, nikaweka spika. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kichwa humuuma, ndiyo, akifika Kikuyu huwa kinagonga, lakini hiyo ni usingizi, saa tisa usiku si saa ya mtu mzima kuwa barabarani. Fundi akasogeza mdomo karibu na simu. "Mama, shikamoo. Si usingizi. Ungetuambia."

"Marahaba," Mama akasema, na simu ikakatika, au akaikata.

Fundi alinionyesha. Mahali ekzosi inapoungana na injini, gasketi ilikuwa imeungua na kuacha mwanya unaoweza kupitisha kucha. Karibu nayo kulikuwa na mstari mweusi wa masizi unaopanda kuelekea kwenye kabini. Injini inapochoma mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, moshi wake hujaa kaboni monoksaidi. Harufu ya petroli unaisikia, lakini hii nyingine haina harufu wala rangi. Ukiivuta huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na damu haijui kuiondoa haraka. Kwanza kichwa kinagonga, halafu unasikia usingizi, halafu hausikii kitu. Mama alikuwa anafungua vioo kwa sababu mwili wake ulikuwa umejua, hata kama yeye alikuwa ameamua ni uchovu.

"Hii gari haina shida ya injini," Fundi alisema. "Injini iko sawa. Shida yake ni kuskia. Masikio yamekufa."

Akachukua kipande cha kadibodi, akanichorea. Tangu hapo nimesoma zaidi, lakini mchoro wa kadibodi bado ndio bora.

Petroli huungua vizuri kabisa ikichanganywa na hewa kwa kipimo kimoja: kilo moja ya mafuta kwa kilo 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari hukadiria kipimo hicho, lakini kukadiria si kujua. Kwa hiyo mwaka wa 1976 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuunda kifaa kidogo kinachokaa ndani ya bomba la moshi na kuonja kinachotoka, na magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani ndiyo yaliyotangulia kukitumia. Kwa umbo kinafanana na plagi, tena plagi yenye mkia wa nyaya. Ncha yake ina kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa ya nje. Oksijeni ikiwa chache kwenye moshi kuliko nje, tofauti hiyo inazaa umeme kidogo. Ukikaribia volti 0.9, mafuta yamezidi. Ukishuka kuelekea 0.1, hewa imezidi. Sensa nzima haitulii: inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mara kadhaa ndani ya sekunde chache, na kompyuta inaongeza na kupunguza mafuta kwa kuisikiliza.

Lakini ile kauri haisemi kitu ikiwa baridi. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 300. Zamani ilisubiri moshi wenyewe uipashe. Baadaye wakaiwekea hita ndogo ndani, ili ianze kazi mapema na isipoe gari linapokwama kwenye jam. Ile P0135 kwenye karatasi yangu ilimaanisha hita ya sensa ya mbele haifanyi kazi. P0141 ni ya nyuma, ile iliyo baada ya katalitiki, ambayo kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalitiki bado inasafisha.

"Sasa kompyuta ikikosa kuskia," Fundi akasema, "inafanya venye mama mkwe hufanya akipikia wageni hawajui idadi yao. Anaongeza tu. Afadhali ibaki."

Hakukubali karatasi ya gereji ya kwanza. Alianza upya. Akaangalia fyuzi ya hita kwanza, kwa sababu fyuzi ni shilingi ishirini na watu wengi wamenunuliwa sensa kwa kosa la fyuzi. Ilikuwa nzima. Akafuata nyaya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, akitafuta palipoyeyuka kwa kugusa ekzosi. Nzima. Akachomoa soketi ya sensa, akaweka multimita kwenye nyaya mbili za hita. Hita nzima ingeonyesha omu chache. Mita haikuonyesha kitu, waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani. Akarudia nyuma, hali ileile.

"Zimezeeka," akasema. "Zimefanya kazi. Sensa za namna hii ukizitoa kilomita laki moja na nusu, umezila vizuri. Hii gari yenu imefika laki tatu."

Mimi hapo nikauliza swali ambalo ningemuuliza daktari: ni lazima zote mbili? Akanijibu kama mtu asiyeuza. Ya mbele ndiyo inayokula mafuta, na gasketi ndiyo inayoua. Ya nyuma inaweza kungoja hadi Krismasi. Nikampigia Mama tena. Nilimweleza bei, nikamweleza kwamba moja inaweza kungoja.

"Nunua zote," Mama akasema. "Sitaki nusu ya habari."

*

Spea za gari Nairobi zina barabara yake, nayo ni Kirinyaga Road, ambako watu wa umri wa Baba bado wanapaita Grogan. Kama wewe ni msichana na umevaa raba safi, bei itakusalimia kabla ya mwenye duka. Fundi alikuwa amenipa sensa ya zamani kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na masharti matatu: nyaya ziwe idadi ileile, soketi iingie bila kulazimishwa, na nisikubali sensa iliyotumika hata nikiapiwa kwa jina la nani.

Duka la kwanza walinipa iliyotumika, shilingi 1,500, ncha yake nyeupe kama imepakwa chokaa. Nilikuwa nimeshafundishwa kusoma ncha. Nyeusi ya masizi ni mafuta mengi. Nyeupe kama ile huwa ni silikoni: kuna fundi mahali fulani aliyepaka gundi ya gasketi isiyo ya kawaida kwenye injini, mvuke wake ukapita kwenye moshi na kuifunika kauri. Sensa iliyofunikwa hivyo haiponi. Duka la pili walikuwa na boksi jipya la jina maarufu, shilingi 4,000, ila jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi moja. Mwenye duka aliponiona nalisoma kwa makini akalirudisha chini ya kaunta na kutoa jingine, lililoandikwa sawa.

Duka la tano lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza taarifa ya habari kwenye redio ndogo. Alichukua sensa ya zamani, akaigeuza, akahesabu nyaya kwa ukucha, akasoma namba kwa kioo cha kukuza. Shilingi 7,500 moja. Sikupunguziwa hata mia. Lakini alifungua boksi mbele yangu, akaweka ya zamani na mpya sambamba, soketi na soketi, urefu na urefu. Halafu akanionya nisiguse ncha.

"Kama jicho," alisema. "Hakuna mtu hugusa jicho."

Nikiwa namngoja aandike risiti alinihadithia jambo ambalo baadaye nililithibitisha. Zamani, sensa hizi zisingeishi hapa. Petroli ilikuwa na risasi, ile metali, na risasi huua sensa na katalitiki kwa pamoja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho kabisa duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, na waliotangaza habari hiyo ni shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Gigiri. Kwa hiyo mtu aliyekulia Nairobi katika miaka ya tisini, kando ya barabara, alivuta risasi kila siku bila taa yoyote ya kumwonya. Mzee alisema hivyo akipiga muhuri, kana kwamba ni sehemu ya risiti.

*

Kazi yenyewe ilichukua nusu siku, na sehemu kubwa ilikuwa kungoja. Fundi alitoa waya wa betri. Alipulizia oili ya kulegeza kutu kwenye shingo za sensa zote mbili, akaenda kunywa chai. Aliporudi akapulizia tena. Kisha akaniambia jambo ambalo linaonekana dogo: chuma cha ekzosi kikiwa na uvuguvugu kinaachilia, kikiwa baridi kabisa kinang'ang'ania, na kikiwa moto kinakuchoma na kuharibu nyuzi. Ni kipimo cha mkono, si cha kitabu.

Ana soketi ya namba 22 yenye mwanya ubavuni, ili waya upite. Ya nyuma ilitoka kwa kelele moja. Ya mbele ilikataa. Alining'inia kwenye spana, akaweka paipu ndefu juu ya spana, akaacha, akapulizia, akangoja, akarudi. Kijana wake alishauri wapige nyundo. Fundi akamtazama hadi kijana akaenda kutafuta kazi nyingine. Ilipoanza kuzunguka ilitoa mlio kama mlango wa kanisa la kijijini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona Fundi akitabasamu.

Ncha ilikuwa nyeusi kabisa. Ukiigusa inaacha alama ya mkaa.

Alisafisha nyuzi, akabadilisha gasketi, akakaza nati za ekzosi kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Sensa mpya zilikuwa na grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi, na alihakikisha haifiki kwenye ncha. Akazianza kwa vidole, si kwa spana. "Ukianza na spana, unalazimisha. Ukianza na mkono, unaskia kama imekubali." Akaunganisha soketi, akafunga nyaya mbali na ekzosi, akarudisha betri, akafuta makosa kwenye mashine. Kisha akawasha, akaniita nione skrini.

Mstari ulikuwa umelala. Dakika haikuisha, ukaanza kucheza: juu, chini, juu, chini. Nilisimama pale kama mtu aliyeletewa picha ya mtoto tumboni.

Sensa mbili 15,000. Gasketi 600. Kazi 2,000. Jumla 17,600. Mama aliyaandika kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ni deni la gari kwa nyumba, na kila wiki akawa anapunguza kile pikapu ilichookoa. Wiki ya kwanza haikufika kilomita tisa, ilikuwa nane na nusu. Wiki ya tatu ikafika tisa. Wiki ya saba kalamu nyekundu ikaisha kazi. Kaka alipokuja Krismasi alionyeshwa ukurasa huo kabla ya kupewa chai. Aliusoma mara mbili, akauliza kama pikapu inaweza kumbebea mabati hadi kwake Januari. Mama akamwambia inawezekana, bei ni ya mafuta pamoja na dereva.

Jioni hiyo ndipo nilipotoa daftari la kliniki. Nililiweka mezani kati yetu, wazi, ukurasa ule wa kwanza. Mama aliuangalia kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mstari ulio chini ya neno "arudi". Hakulia. Alisema, "Nilijua kuhusu tepu," kisha akasema, "Hii sikuijua." Kaka alitoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Sikumhubiria Mama. Kuna namna watoto wa mjini tunarudi nyumbani na habari za afya na kuzungumza na wazazi kama bango la zahanati, na najua bango halijawahi kumpeleka mtu popote. Nilimuuliza tu kama kichwa bado kinagonga akifika Kikuyu. Akasema tangu ile gasketi, hapana. Asubuhi akaniomba nimsindikize Njabini. Alisema anataka kununua kamba. Tulinunua kamba, halafu akaingia kliniki mwenyewe, nikamngoja kwenye pikapu.

Mwezi wa Aprili 2024 mvua ilinyesha kama inatafuta mtu. Mnakumbuka zile mvua, barabara zikigeuka mito na mito ikigeuka kitu kingine. Usiku wa Jumatano mmoja, saa kumi kasoro, simu yangu ikalia. Ilikuwa ni Mama, na nyuma yake nilisikia mvua ikipiga bodi.

"Taa imewaka," akasema. "Inapepesa, haijatulia. Na gari linatetemeka."

"Uko wapi?"

"Kimende. Nimesimama kwenye petroli stesheni. Nimezima injini."

Taa inayopepesa ni habari tofauti na taa iliyotulia. Ni silinda moja haichomi, na asubuhi Fundi angeniambia kwa simu kwamba ni maji yameingia kwenye koili, akaushe, na angekuwa sahihi. Lakini saa ile sikujua. Nilianza kutafuta viatu gizani.

"Usikimbie," Mama akasema. "Niko na chai kwenye flaski. Na kabla hujauliza, dawa nimekunywa. Jumatatu nilipima, ilikuwa 150. Niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Kwenye daftari la mafuta. Si ndilo unalosoma?"

Nikaketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, tukaongea hadi kulipopambazuka.